Daktari wa Kituo cha Pili

Mwalimu wa darasa la tano hakuwahi kuiona theluji maishani mwake. Barafu aliyoijua yeye ni ile inayoganda kwenye friji ya dada yake mpaka ikwanguliwe kwa kijiko. Lakini ukimsikia anavyoisimulia nchi ya kaskazini, ungeapa kuwa amezaliwa huko na hapa kwetu amekuja kutembea tu. Watoto wakambandika jina la Mwalimu Barafu, naye akalipokea kwa mikono miwili, maana kwa miaka mingi kabla ya hapo walikuwa wakimwita Mwalimu Kelele.

Muhula ule alikuwa amepania. Sayansi, hesabu, jiografia, hata insha, yote aliyafunga kamba moja akayapeleka kwenye mbio za mbwa wanaovuta vigari juu ya theluji. Alileta bonge la barafu kutoka kwa wauza samaki, akaliweka kwenye karai katikati ya darasa, akawaambia watoto waliguse na kuhesabu mpaka vidole viwashe. Kisha akawavisha mkononi mifuko miwili ya plastiki, katikati yake kapaka mafuta ya kupikia kwa unene, mkono ukazamishwa tena kwenye maji ya baridi, na hapo wakaelewa kwa nini nyangumi hatetemeki. Siku nyingine aliziba madirisha yote kwa magunia ili wajue maana ya kuishi msimu mzima bila kuliona jua. Mtoto mmoja akalala usingizi wa kweli, akakoroma, darasa zima likacheka gizani, na Mwalimu Barafu akasema huyo ndiye aliyeelewa somo kuliko wote.

Palipo na shughuli hapakosi maneno. Mtoto mmoja alirudi nyumbani akamwambia baba yake kwa furaha, "Baba, leo nimekuwa mbwa!" Asubuhi yake yule baba, dereva wa lori mwenye sauti kama ya lori lenyewe, alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu. Alitaka aambiwe ni nani aliyemwita mwanawe mbwa, tena mbele za watu. Nyuma yake walikuja wengine, nao wamevimba.

Mwalimu Barafu hakutetereka. Aliwaketisha wazazi kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakiwafika videvuni, akawaeleza habari za mbwa wale: wa mbele anavyosikia amri na kuichagua njia, wa katikati wanavyotunza mwendo, na wa nyuma kabisa, walio karibu na kigari, wanavyobeba uzito kwenye kona. Alipomaliza, dereva wa lori aliuliza, sasa kwa sauti ya gari dogo, mwanawe amepangwa wapi. Akaambiwa ni wa nyuma, kwenye uzito.

"Hapo sawa," akasema. "Sisi kwetu ni watu wa uzito."

Wakakubaliana kuwa mbele ya wageni watoto wataitwa wavutaji. Watoto wenyewe waliendelea kubweka kama kawaida. Na Mwalimu Barafu akatoka pale na kichwa juu, kwa sababu mwalimu mkuu alimsifu mbele ya walimu wote, na sifa ni kitu kitamu, hasa kwa mtu ambaye hajazizoea.

Sasa nikueleze sheria yenyewe, maana kisa chote kimelala hapo. Katika mbio za kweli huwa kuna vituo njiani, na kwenye vituo kuna madaktari wa mifugo. Daktari humkagua kila mbwa, nyayo, viungo, pumzi na moyo, na akimwona hafai kuendelea, mbwa huyo huachwa kituoni atunzwe. Mwalimu Barafu aliipenda sheria hii kuliko kitu kingine chochote katika somo lake. Aliirudia mpaka watoto wakawa wanaiimba kwenye foleni ya choo: daktari akisema, amesema.

"Hata dereva wa kigari akilia?" aliwauliza.

"Amesema!"

"Hata wageni wakikasirika?"

"Amesema!"

"Hata mimi Mwalimu nikitaka mbwa wangu akimbie?"

"Amesema!"

Kazi ya udaktari haikuwa na mgombea. Kila mtu alitaka kukimbia au kuendesha. Ikamwangukia binti wa msusi, mtoto mdogo wa umbo, mpole, wale watoto ambao ukiwauliza swali wanalijibu dawati. Mwalimu alimpa kazi ile kwa sababu hakujua ampe nini kingine. Mtoto akaishika kama amekabidhiwa ufunguo wa nyumba. Alijifunza kushika mapigo ya moyo kwa vidole viwili, kubonyeza kucha na kutazama damu inavyorudi, kupapasa kifundo cha mguu na kumtazama mtu usoni wakati anapapasa, kwa kuwa mdomo unaweza kusema siumwi huku jicho limekwisha kusema. Kule saluni wateja wa mama yake walisukwa huku mapigo yao yakihesabiwa. Mama mmoja alilalamika kwamba kila akihesabiwa anajisikia mgonjwa.

Alivaa aproni nyeupe ya mama yake, iliyomfika kwenye nyayo, na alikuwa na vipande vya kitambaa chekundu. Mvutaji aliyefungwa kitambaa mkononi anabaki kituoni, basi. Siku moja ya mazoezi alimfunga mtoto wa dereva wa lori, jitu zima ukilinganisha na yeye, kwa sababu ya malengelenge. Jitu likalia. Mwalimu Barafu akamshika Daktari mabega mbele ya darasa akasema, "Mmeona? Hakuogopa mtu. Hivi ndivyo inavyotakiwa." Toka siku hiyo yule mtoto akaanza kujibu maswali ameinua uso.

Mvutaji wa mbele kabisa alikuwa msichana mrefu aliyeitwa Mshale. Nyumbani alimwita Mwalimu Barafu mama mdogo, maana alikuwa mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Dada huyu, fundi cherehani, ndiye aliyemlea mwalimu tangu mama yao alipofariki. Alimfulia, akamlisha, akamchapa, akamsomesha. Yeye mwenyewe alikaa na ndoa yake miaka na miaka bila mtoto, mpaka watu wakachoka hata kumsengenya, ndipo akaja Mshale, na baada ya Mshale hakuja mwingine. Mikanda yote ya kuvutia kigari aliishona yeye, kwa kamba za mabegi makuukuu, na viatu vya mbwa akavishona kwa soksi. Asubuhi ya mashindano, akimkaza mwanawe mkanda kifuani, alisema bila kugeuka:

"Mdogo wangu, mimi mambo yako ya barafu siyajui. Ila huyu ndiye jicho langu. Nimekupa."

"Dada, kwani namla?" alijibu mwalimu akicheka.

Mashindano yalikuwa kati ya mikondo miwili ya darasa la tano. Mkondo wa pili ulifundishwa na mwalimu wa michezo, kijana aliyetamba kwenye chumba cha walimu kwamba wengine wanasoma habari za mbwa na wengine wanakimbia. Neno hilo lilikuwa limemkaa Mwalimu Barafu kooni kama mwiba wa samaki. Wazazi walijaa kwenye mabenchi, afisa elimu akawekwa kwenye kiti chenye mto, na vigari viwili vikasubiri kwenye mstari. Vilikuwa mbao zilizopigiliwa nusu ya pipa la plastiki chini yake ili ziteleze kwenye nyasi, na juu ya kila kimoja kulikuwa na mfuko wa mchanga badala ya mzigo.

Filimbi ikalia. Nyasi zilikuwa na umande, vigari vikateleza vizuri kuliko siku zote, na watoto, walioapa kuwa mbele ya wageni hawatabweka, wakabweka uwanja mzima. Hata afisa elimu alisahau cheo chake akasimama. Kikosi cha Mshale kiliongoza mpaka kituo cha kwanza na kuzidi.

Kituo cha pili kilikuwa nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo wageni hawaoni vizuri. Mshale alifika pale akiwa amekanyaga shimo, mguu umepinda na kurudi. Daktari alipiga magoti na aproni yake, akavua soksi, akapapasa kifundo huku anamtazama usoni. Mshale akasema, "Siumwi." Daktari akachukua kitambaa chekundu akamfunga mkononi.

"Huyu abaki," akasema.

Mwalimu Barafu alikuwa amesimama hapohapo. Kupitia kando ya tangi aliwaona wa mkondo wa pili wanakuja, na mbele yao mwalimu wao anakimbia kinyumenyume, anapiga makofi. Bila Mshale kikosi hakina wa mbele, na bila wa mbele hakuna mbio.

"Anaweza," alisema mwalimu. "Amesema mwenyewe haumwi."

"Mwalimu, abaki. Panajaa."

Mtoto alisema hivyo mara ya pili ameinua uso, kama alivyofundishwa. Na Mwalimu Barafu, kwa vidole vyake mwenyewe, akakifungua kile kitambaa, akakitia mfukoni. "Haya, kimbieni!" akasema. "Kimbieni!" Watoto waliokuwa kwenye kamba walitazamana. Kisha wakafanya kile ambacho watoto hufanya mtu mzima akisema.

Hawakufika mbali. Kwenye kona ya mwisho, mbele ya mabenchi, mguu ulimsaliti Mshale akaanguka, waliomfuata wakamwangukia, na kigari na mchanga wake kikaja kikapanda juu ya mguu uleule. Yowe lake lilisikika mpaka barabarani.

Dada mtu alifika kabla ya mtu yeyote. Alivuka uwanja kiatu kimoja kimebaki njiani, akamfungua mwanawe mikanda aliyoishona mwenyewe, akamwinulia mdogo wake macho mekundu.

"Nimemwona anachechemea tangu anatokea kwenye tangi! Nani kamruhusu akimbie? Si ulisema kuna wa kukagua? Nani?"

Mwalimu mkuu alikuwa amekwisha kufika. Afisa elimu anakuja. Wazazi wamezunguka. Mwalimu Barafu alifungua mdomo kusema mimi, na nakuapia alikuwa na nia hiyo, neno lilikuwa juu ya ulimi. Kilichotoka ni kingine.

"Daktari alimpitisha."

Vichwa vyote vikageuka kwenye aproni nyeupe iliyokuwa inakuja mbio kutoka kwenye tangi. Mtoto akasimama. Mdomo wake ulikuwa wazi. Alimtazama mwalimu wake akingoja, kama mtu anayengoja sentensi iishe.

Na uongo ukishazaliwa hutaka nguo. "Tusimlaumu," Mwalimu Barafu aliongeza, tena kwa sauti ya huruma. "Ni mtoto. Amejitahidi." Watu wakatikisa vichwa kumkubali. Mzazi mmoja alisema mwalimu ana moyo wa dhahabu. Nyuma ya kundi, msusi alikuwa akijipenyeza kumfuata binti yake, na uso wake haukuwa na kheri.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia inakuwaje kwa asiyesikia la mdogo, tena guu lililovunjika likawa la mtu mwingine.

Mfupa ulivunjika pawili. Hospitali walimvuta, wakamfunga plasta mpaka gotini, wakasema atatembea lakini mbio asahau kwa mwaka huu. Mwalimu Barafu alikaa na dada yake kwenye benchi la wodi wameshikana mikono, na dada akawa anamfariji yeye. "Usilie, mdogo wangu. Ungejuaje? Ulimwachia mtoto mwenzake." Mwalimu alilia zaidi. Aliporudi kwake alikikuta kitambaa chekundu mfukoni. Akakitupa kwenye ndoo ya taka, akakifunika na maganda ya viazi, akanawa mikono, akasimama palepale jikoni akiona haya kuangalia hata ile ndoo.

Kujificha na watu wasiojua ni rahisi. Mwalimu alikuwa na darasa lenye watu waliojua. Kikosi kizima kilikuwepo kwenye tangi, kwenye kamba, na kilisikia. Jumatatu aliingia darasani watoto wakasimama, wakamwamkia kwa sauti ileile ya kila siku, wakaketi, na hakuna aliyesema lolote. Hilo ndilo lilimmaliza. Alizoea watoto wanaosemeana kwa kalamu iliyopotea, leo wamekaa kimya kama watu wazima.

Alitundika ramani. Alitaka kufundisha jinsi watu wa kaskazini wanavyojenga nyumba kwa matofali ya theluji, somo alilolisubiri muhula mzima, akajikuta anaisemesha ramani. Upande wa dirishani hakuwa na ujasiri wa kuutazama. Huko ndiko alikokaa Daktari. Aliyekuwa akikaa naye alikuwa amehamia dawati la mbele, na wakati wa mapumziko kuna aliyempigia kelele, "Daktari wa kuvunja watu!" Mwalimu alisikia. Alisema "Nyamazeni," basi, kwa sauti ambayo hata Mwalimu Kelele wa zamani angeionea aibu.

Alipouliza swali aliinua macho kwa bahati mbaya, yakakutana na yale ya dirishani. Mtoto akaliangalia dawati.

Mchana, watoto wanatoka, mtoto wa dereva wa lori alibaki nyuma. Alisimama mbele ya meza ya mwalimu, akivuta vuta kamba ya begi.

"Mwalimu, mimi nilikuwa wa nyuma," akasema. "Sikusikia kitu."

Hakuna aliyemuuliza. Mwalimu Barafu alimtazama mtoto yule mkubwa, mwenye moyo mwepesi, akaona kuwa amekuja kumpa zawadi. Amefikiria wikiendi nzima, akaona mwalimu wake yuko taabani, akaamua kumsaidia kwa kile alichonacho. Alitamani ardhi ipasuke. Kwa muhula mzima aliwafundisha kusema kweli mbele ya wakubwa, na kwa sentensi moja uwanjani akawafundisha lile jingine, na hilo ndilo walilolishika vizuri zaidi.

"Nenda nyumbani, mwanangu," alisema.

Siku ile aliamua. Alinunua machungwa, akashika njia ya kwa dada yake, na njia nzima alikuwa anayapanga maneno. Dada, kaa chini. Dada, nina jambo. Aliyasema mpaka mtu wa baiskeli akageuka kumtazama. Alijua atakachokipoteza. Shemeji yake angenuna, na yangekwisha. Lakini dada hakuwa mtu wa kununa. Dada alikuwa mtu wa kukata. Aliwahi kumkata rafiki wa utotoni kwa neno moja la uongo, na mpaka leo wakikutana njiani anasalimia kivuli. Na mwalimu hakuwa na mama mwingine duniani zaidi ya yule.

Mlangoni alikuta kandambili mbili ambazo si za mle ndani, kubwa na ndogo. Alibisha hodi, akaingia huku amekwisha kuitikiwa.

Mshale alikuwa kwenye kochi, mguu wake mweupe umelazwa juu ya mto. Dada yake ameketi kwenye kiti cha cherehani. Msusi ameketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Na katikati ya chumba, juu ya zulia, binti yake alikuwa amepiga magoti.

"Karibu, umekuja wakati mzuri," alisema dada. "Kaa."

"Mwalimu, shikamoo," alisema msusi, ingawa walikuwa wa rika moja. "Nimeona tusingoje kuitwa. Nimemleta mwenyewe. Haya, sema. Mwalimu wako naye asikie."

Mtoto alikuwa na alama mkononi, juu ya kiwiko, nyembamba na ndefu. Mwalimu aliiona. Aliwahi kuziona alama kama zile katika kazi yake na hakuhitaji kuelezwa.

"Naomba mnisamehe," alisema Daktari akilitazama zulia. "Nilimkagua Mshale vibaya. Nikampitisha, na alikuwa anaumwa. Sitarudia tena."

Alisema yote kwa mkupuo, kama shairi la shule. Mshale kwenye kochi hakumtazama. Alikuwa anamtazama mama yake mdogo, moja kwa moja, bila kupepesa. Tangu siku ile hakuwa amesema kitu hata kwa mama yake mzazi. Alikuwa amemtunzia mama yake mdogo siri yake, pamoja na mfupa uliovunjika pawili.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema dada, na sauti yake ilikuwa na upole ambao mwalimu hakuusikia mara nyingi. "Inuka. Kosa si kosa. Umekuja mwenyewe na mama yako, ni wakubwa wangapi wanaoweza hilo?"

Ukitaka kujua aibu inafika wapi, sikiliza hapa. Mwalimu Barafu alisikia nafuu. Kwa kitambo kidogo sana, machungwa mkononi, alisikia mambo yamekwisha: mtoto amesamehewa, dada amepoa, plasta itatolewa. Mdomo wake hata ulianza kusema, "Basi, tumshukuru Mungu..."

Daktari hakuinuka. Aligeuka juu ya magoti yake mpaka akamwelekea yeye.

"Na wewe Mwalimu unisamehe," akasema. "Uliniamini."

Machungwa yakaanguka. Mwalimu alikaa chini, si kwenye kiti, palepale kwenye zulia, gauni la kazini na yote, mpaka akawa sawa na mtoto.

"Hakumpitisha," alisema. "Dada, mtoto huyu hakumpitisha Mshale. Alimfunga kitambaa. Alisema abaki. Mimi ndiye niliyekifungua, mimi ndiye niliyemkimbiza, nilitaka tushinde. Halafu ukaniuliza, nikamsingizia."

Cherehani ilikuwa na nguo imeachwa nusu chini ya sindano, na dada akaitazama nguo ile kwa muda mrefu.

"Mshale," aliita hatimaye. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Dada alimtazama mdogo wake. Mwalimu alilingoja lile neno moja la kukata, na alikuwa tayari kulipokea, hata alilitaka. Lakini dada hakumsemesha. Alimgeukia msusi.

"Ulimpiga?" aliuliza.

Msusi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Alikataa," alisema kwa ndani ya kiganja. "Siku ya kwanza alikataa. Alisema, mama, mimi nilimfunga kitambaa. Nikamwambia, yaani mwalimu mzima aseme uongo kwa ajili yako wewe? Nikampiga mpaka akakubali." Alisimama, akaketi tena. "Nilimpiga mpaka akakubali."

Mwalimu Barafu alitaka kumshika mtoto mkono akaogopa kuugusa. "Nitasema kesho mbele ya shule nzima," alisema. "Kwa mwalimu mkuu, kwa afisa, kwa kila mtu aliyekuwa pale. Sikia, mwanangu, wewe huna kosa. Huna hata chembe."

Mtoto alikuwa amekunja uso, si wa kulia wala wa kufurahi. Alikuwa anatafuta kitu ndani ya kichwa chake, kama mtu aliyeingia chumbani kwake akakuta vitu vimehamishwa.

"Kwa hiyo nilisema abaki?" aliuliza.

"Ulisema."

"Na palikuwa panajaa kweli?"

"Palikuwa panajaa."

"Nikasema mara mbili?"

"Mara mbili, mwanangu."

Daktari akainua uso wake, kama alivyofundishwa.

"Mara ya pili, Mwalimu, ulinisikia?"

Dada, msusi, Mshale, wote walikuwa wanamtazama yeye. Angeweza kusema kelele zilikuwa nyingi siku ile, na isingekuwa uongo mkubwa.

"Nilikusikia," alisema mwalimu. "Hata ya kwanza nilikusikia."